Msitu upo, kipepeo hayupo

Hotuba kwa walimu wa baiolojia, wanafunzi na wapenzi wa misitu, Dar es Salaam

Mwenyekiti wa kikao chetu, walimu wenzangu, wazazi, wanafunzi, itifaki imezingatiwa. Wazee wangu niliowaona hapo mbele, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie kipepeo wa milimani ambaye hayupo tena duniani. Nitakwenda mbali kidogo, mpaka kisiwa cha Madeira kwenye bahari ya Atlantiki, halafu nitarudi Tanga na Morogoro, maana huko ndiko kunakoninyima usingizi. Lakini neno langu kuu nalitanguliza, ili hata atakayeondoka mapema kuwahi basi la mwendokasi aondoke nalo: kizazi cha kipepeo hukatikia kwenye kiwavi. Sisi humtazama kipepeo anaporuka. Tunampiga picha, tunamchora kwenye vitenge, tunawaimbia watoto nyimbo zake. Yule anayetambaa juu ya jani tunamkanyaga, au tunampulizia dawa, au hatumwoni kabisa. Na yeye ndiye mwenye kubeba uhai wote wa ukoo ule.

Madeira ni kisiwa cha Ureno, magharibi ya pwani ya Moroko. Kwa kweli ni mlima wa volkano uliochomoza baharini. Kilele chake, Pico Ruivo, kina mita 1,862. Upande wa kaskazini, kwenye makorongo yenye ukungu, kuna msitu wa kale uitwao laurisilva. Miti yake mikuu ni ya ukoo mmoja na mparachichi na mdalasini. Zamani sana misitu ya namna hiyo ilifunika sehemu kubwa ya kusini mwa Ulaya, kisha hali ya hewa ikabadilika na misitu ikafa, visiwani ikasalia. Wa Madeira ndio mkubwa kuliko yote iliyobaki, hekta karibu 15,000, na mwaka 1999 UNESCO iliuandika kuwa Urithi wa Dunia. Kwa hiyo ninaposema habari ya kipepeo aliyetoweka Madeira, msijenge picha ya kisiwa kilichonyolewa kikabaki upara. Ni kweli wakulima walifyeka sana tangu Wareno walipofika mwaka 1419, hasa upande wa kusini. Lakini msitu wa milimani upo. Mito inatiririka, ukungu unashuka kila siku, watalii wanapanda. Msitu upo na kipepeo hayupo.

Alikuwa mweupe, mkubwa, ncha za mabawa nyeusi kama zilizochovywa kwenye wino, na jike akiwa na madoa meusi kwenye mabawa ya mbele. Mwaka 1886 Mwingereza Arthur Gardiner Butler alimpa jina la kisayansi la wollastoni, kwa heshima ya Thomas Vernon Wollaston, aliyekwenda Madeira mwaka 1847 kutafuta nafuu ya mapafu yake na akaishia kutumia miaka mingi kuchunguza mende wa kisiwa hicho. Makazi ya kipepeo yalikuwa mabonde ya msitu ule wa kaskazini. Mara ya mwisho kuripotiwa kuonekana ni mwaka 1986. Watu waliendelea kumtafuta, mwaka baada ya mwaka, mpaka mwaka 2007 wataalamu wa vipepeo wa Ulaya wakatangaza kwamba wamekata tamaa. Wakasema huyu ndiye kipepeo wa kwanza wa Ulaya kutoweka duniani kwa sababu ya shughuli za binadamu.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu katika habari hii. Ndugu yake wa damu, yule wa Ulaya bara, ni mdudu wa kabichi. Ni mharibifu mashuhuri. Mkulima wa Ufaransa au Uingereza akimwona kwenye bustani yake anashika bomba la dawa, kama anavyofanya mkulima wa Lushoto akiona nondo kwenye kabichi zile tunazonunua sokoni Ilala. Wa bara hawamaliziki, kila mwaka wapo, mpaka watu wamechoka nao. Wa kisiwani, wenye sura karibu ileile na viwavi wanaokula mimea ya ukoo uleule, wamekwisha wote. Ukitafuta sababu kwa kumtazama kipepeo anayeruka hutaipata. Mabawa yao hayana tofauti ya kutosha kueleza kwa nini huyu aishi na yule afe.

Wataalamu wametaja mambo matatu, na ubishi haujakwisha. La kwanza ni mashamba kusogea kwenye mabonde, pamoja na mbolea za viwandani na dawa za kuua wadudu. Mimea ya pembezoni ambayo viwavi walikula ikabadilika au ikawa sumu. La pili ni mgeni. Katika karne ya 20 aliingia kisiwani kipepeo mwingine mweupe, mdogo zaidi, ambaye naye hula kabichi. Mgeni huyo anashukiwa kuja na virusi. Virusi hivyo haviendi kwenye mabawa. Vinaingia kwa kiwavi anapokula jani lenye uchafu wa kiwavi mwenzake mgonjwa. Analegea, anang'ang'ania jani kwa miguu michache, mwili unageuka maji, unapasuka, na maji yale yanadondokea majani ya chini ambako wengine wanakula. Wa bara walikuwa wameishi na magonjwa ya namna hiyo vizazi na vizazi. Wa kisiwani hawakuwa na kinga.

La tatu ni nyigu. Yupo nyigu mdogo sana ambaye hutaga mayai yake ndani ya mwili wa kiwavi akiwa hai. Funza wa nyigu wanamla kiwavi kutoka ndani, wanatoboa ngozi, wanajisukia vifuko vya manjano pembeni yake. Katika visiwa vya Canary, jirani na Madeira, yuko binamu wa kipepeo wetu anayeitwa Pieris cheiranthi. Bado anaishi Tenerife na La Palma, lakini kisiwa cha La Gomera ameshatoweka, na huko nyigu huyo ni miongoni mwa wanaoshukiwa.

Dawa, virusi, nyigu. Chagueni mnaloliona lina uzito. Mimi nawaomba mwone kwamba yote matatu yanamshambulia kiwavi yuleyule. Hakuna dhana hata moja inayosema kipepeo mwenyewe alikosa maua ya kunyonya au hewa ya kurukia. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kipepeo anayeelea hewani ameundwa na kiwavi, jani kwa jani, na karakana ikibomolewa hakuna chombo kitakachoshuka majini hata bahari iwe shwari namna gani.

Nataka nikae kidogo kwenye mfano mwingine, kwa sababu huu unaonyesha kazi yenyewe inavyofanyika, na mwisho wake ni tofauti. Uingereza kulikuwa na kipepeo wa buluu, mkubwa kuliko wenzake wa buluu, akiishi kwenye miteremko ya malisho. Kuanzia karne ya 19 watu waliona anapungua. Wakalaumu wakusanyaji, wale mabwana wenye nyavu na visanduku vya kioo. Lilikuwa wazo la busara kwa kulitazama, na lilifanyiwa kazi: sehemu alizobaki zikazungushiwa uzio, wakusanyaji wasiingie, mifugo isiingie. Ndani ya uzio majani yakastawi vizuri. Kipepeo akatoweka humohumo ndani ya uzio.

Miaka ya 1970 mtaalamu kijana, Jeremy Thomas, akaamua kumfuata kiwavi. Kwa kupiga magoti, kwa kukaa juani, miaka kadhaa. Ilikuwa inajulikana kwamba yai hutagwa kwenye maua ya zaatari pori. Kiwavi anakula ua kwa wiki mbili tatu, kisha anajiangusha chini na kungoja. Sisimizi mwekundu akimkuta, kiwavi anatoa tone tamu na harufu inayofanana na ya mtoto wa sisimizi. Sisimizi anambeba kumpeleka kiotani akidhani ni mwanawe aliyepotea. Mle ndani, gizani, kiwavi anakaa miezi kama kumi akiwala watoto wa sisimizi, na wenyeji wake wanamlinda. Thomas aligundua kwamba si kila sisimizi mwekundu anafaa. Anafaa wa spishi moja, Myrmica sabuleti. Kwenye viota vya wengine kiwavi hufa karibu kila mara. Na sisimizi huyo anapenda udongo wenye joto, yaani mahali penye majani mafupi sana, yaliyoliwa na kondoo, ng'ombe na sungura. Majani yakirefuka kidogo tu, udongo unapoa, sisimizi huyo anaondoka, anakuja mwingine.

Mnaona sasa uzio ulifanya nini. Uliwafukuza ng'ombe waliokuwa wakimlinda kipepeo bila mtu kujua. Na miaka ya 1950 ugonjwa ulipowaua sungura, malisho mengi zaidi yakaota majani marefu. Maelezo ya Thomas yalipokamilika, muda ulikuwa umekwisha: mwaka 1979 kipepeo yule akatangazwa ametoweka Uingereza. Lakini kwa kuwa sasa walijua kiwavi anataka nini, walirudisha mifugo kwenye malisho, wakangoja sisimizi waongezeke, na kuanzia mwaka 1983 wakaleta viwavi na mayai kutoka Sweden, ambako spishi hiyo ilikuwa bado ipo. Leo anaruka tena Uingereza. Wa Madeira hakuwa na Sweden yake. Alikuwa wa kisiwa kile tu.

Ninalisema hili mbele ya walimu kwa sababu mara nyingi uhifadhi tunaufundisha kama habari ya kuzuia: usikate, usiwinde, usiingie. Kuzuia kuna mahali pake, nami naunga mkono kuzuia huko. Lakini uzio uliowekwa bila kumjua kiwavi unaweza kuua kama shoka.

Tukija Afrika, tunayo makaburi yetu. Mwaka 1863, kando ya mto Mbashe nchini Afrika Kusini, walikamatwa vipepeo jike watatu wa rangi ya manjano ya kufifia. Tangu siku hizo hakuna mtu aliyemwona mwingine. Yupo pia mmoja wa buluu, Lepidochrysops hypopolia, aliyepatikana huko huko Afrika Kusini katika karne ya 19, vielelezo vichache vya kuhesabika kwa vidole, kisha kimya. Vielelezo vyao vimechomwa pini makumbusho. Kiwavi wa kipepeo yule wa Mbashe hakuwahi kuonekana na mwanasayansi yeyote, wala chakula alichotegemea hakijulikani. Jenasi ya Lepidochrysops, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu, tunayo hata hapa Tanzania, na maisha yao yanafanana na yale ya wa Uingereza: kiwavi huanza kwenye maua, humalizia ndani ya kiota cha sisimizi.

Sasa turudi nyumbani. Maji tunayokunywa Dar es Salaam, mengi yake ni ya mto Ruvu, na Ruvu hunywa kutoka Uluguru. Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia vilima vya Taita kule Kenya, ikapita Pare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Rubeho, mpaka Udzungwa na Mahenge. Mtu akisimama Morogoro mjini anaona mlima. Kiumbe wa msitu anaona kisiwa. Kati ya Uluguru na Nguru kuna nyika kavu yenye joto, na mdudu wa ukungu hawezi kuivuka, kama vile kipepeo wa Madeira asingeweza kuvuka bahari. Ndiyo maana milima hii ina viumbe wasiopatikana pengine popote, na ndiyo maana wakiondoka hakuna jirani wa kutuazima. Shamba linapanda kutoka chini, joto nalo linapanda, na mlima una kikomo. Kiumbe anayesukumwa juu mwishowe anafika kileleni, na baada ya kilele ni hewa.

Mfano wa vilima vya Taita unatuhusu, ingawa mpaka unatutenganisha. Msitu wa pale umebaki vipande vipande. Ngangao, ambao ni miongoni mwa vikubwa, una hekta kama 120 tu. Humo anaishi kipepeo Cymothoe teita, ambaye haishi mahali pengine duniani. Kiwavi wake anategemea mti uitwao Rawsonia lucida. Kwa hiyo tunajua la kufanya: ulindeni mti huo, uoteshwe, upandwe kuunganisha vipande. Hilo ni jambo jepesi kulinganisha na kutojua kabisa. Tanzania ina spishi za vipepeo zaidi ya 1,000. Mnorwei Jan Kielland, aliyetembea nchi hii kwa miaka mingi, alichapisha orodha na picha zao mwaka 1990, kazi ya kuheshimiwa sana. Ila picha za wanaoruka ni rahisi kupata kuliko habari za wanaotambaa, na kwa wengi wa milimani ukurasa wa kiwavi bado ni mweupe.

Tunao ushahidi wetu wenyewe kwamba kuwahi kunasaidia. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la maporomoko huko Udzungwa. Bwawa la umeme lilipopunguza maji ya maporomoko, manyunyu aliyoyategemea yakakauka, kisha ukaingia ugonjwa wa kuvu, na mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini. Lakini mwishoni mwa mwaka 2000 walikuwa wamechukuliwa vyura 499 kupelekwa Marekani kuzalishwa. Mwaka 2010 baadhi ya uzao wao walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hapahapa mjini kwetu, na mwaka 2012 wengine wakarudishwa Kihansi. Waliokolewa kwa sababu kulikuwa na watu waliojua chura yule anaishije kabla hajaisha. Kwa kipepeo tunahitaji jambo hilohilo, na kwake ni gumu zaidi, kwa kuwa ana maisha mawili na sisi tunalijua moja.

Wapo Watanzania wanaoyajua yote mawili. Tangu mwaka 2003, vijiji vinavyozunguka msitu wa Amani, Usambara Mashariki, vimekuwa na mradi wa kufuga vipepeo. Wakulima, wengi wao wakina mama, walijenga vibanda vya neti, wakapanda miti ya kulisha viwavi, wakauza mabuu yaliyojifunga kwa bustani za maonyesho za nje. Mwaka 2016 Serikali ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, wao pia waliguswa. Sipingi nia ya kukomesha magendo. Lakini naona ni haki kusema kwamba mama anayelea kiwavi kwenye kibanda chake kijijini hafanani na mtu anayeiba twiga, na sheria inaweza kuwatofautisha. Na kuna jambo ambalo huwa halitajwi kwenye hesabu za fedha. Mama yule anajua kipepeo gani hutaga juu ya mti gani, anataga kwenye jani changa au lililokomaa, kiwavi anabadili ngozi lini, ugonjwa unaanzaje kibandani. Hiyo ni elimu iliyokosekana kwa yule wa Madeira. Iandikwe, kwa jina lake, akiwa hai, na tumwite msomi kwa sababu ndivyo alivyo.

Namalizia na kazi, maana mwalimu haruhusiwi kuondoka bila kutoa zoezi.

Hamhitaji kupanda Uluguru kuanza. Nendeni kwenye mlimao au mchungwa wa nyumbani, Temeke, Kinondoni, popote. Tafuteni kwenye majani machanga kiwavi mdogo mweusi mwenye baka jeupe, anayefanana na kinyesi cha ndege. Akikua anakuwa kijani. Mkimgusa anatoa nyuma ya kichwa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali, kujitetea. Huyo atakuwa Papilio demodocus, kipepeo mweusi wa madoa ya manjano mnayemwona kila siku. Ni wa kawaida kabisa, na kwa sababu hiyo anafaa kwa kujifunzia. Mkishazoea, nendeni misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, kwa kibali na pamoja na walinzi wa msitu. Wale mtakaokwenda likizo Lushoto, Muheza, Matombo au Kilolo, mna nafasi kuliko sisi wa mjini.

Mkimwona kiwavi, msimbandue kwenye jani. Kateni kitawi chote. Andikeni tarehe, mahali, na kama simu yenu inaonyesha, mwinuko. Andikeni jina la mmea. Jina la Kiluguru, Kisambaa au Kizaramo linatosha kuanzia, mulizeni mzee wa pale. Kisha kausheni kitawi kingine kati ya magazeti, ili wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waweze kuutambua mmea kisayansi. Mfugeni kwenye kopo lililofunikwa kipande cha chandarua kisicho na dawa, mpeni majani ya mmea uleule tu, mwondoleeni uchafu kila asubuhi. Mpigeni picha kila anapobadili ngozi. Akitoka kipepeo, mpigeni picha na mumwachie palepale mlipomkuta. Akifa, andikeni amekufaje: amelegea na kugeuka maji, au amekauka. Na wakitoka nyigu badala ya kipepeo msisikitike mkawatupa. Wawekeni kwenye kichupa chenye spiriti, bandikeni karatasi yenye jina la mmea na tarehe, mkiweke pamoja na daftari.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali, na ningependa tuanze na wanafunzi.